Waorani walishinda, Waogiek wakashinda: mbona matokeo si sawa?

Swali: "Shikamoo wakili. Mimi ni Mdigo, nafanya kazi hapa Nairobi na naishi South B. Nyumbani ni Kwale, jirani na msitu wa kaya, yaani msitu wetu mtakatifu. Juzi walikuja wageni wa utafiti wa madini, wakaitisha kikao kwa chifu, soda zikagawanywa, wazee wakatia sahihi kwenye karatasi. Sasa inasemekana jamii imekubali. Niliwahi kuona video ya Waorani wa msitu wa Amazon wakishangilia na mikuki yao baada ya kuishinda serikali ya Ekuador kuhusu mafuta, nikawaambia wenzangu kazini kwamba hata sisi tunaweza. Wakanicheka. Waogiek wa msitu wa Mau si walishinda kwenye Mahakama ya Afrika kule Arusha, na nyumba zao si zilibomolewa? Je, wale wa Amazon walifanya nini ambacho sisi hatuwezi? Na ile karatasi ndiyo imeshatuuza?"

Jibu: Marahaba, kaka. Karatasi kwanza, maana najua ndiyo inayokukosesha usingizi. Haijawauza. Orodha ya waliohudhuria kikao ni orodha ya waliohudhuria kikao, hata ikigongwa mihuri mitatu. Ila msipoijibu kwa maandishi mapema, siku moja itachomolewa kwenye faili fulani ikiwa imebanwa pamoja na ukurasa mwingine, wenye maneno ambayo wazee wenu hawakusomewa kamwe. Sisemi hivi kwa kuwashuku wageni wenu, ambao siwajui. Nasema kwa sababu mbinu hii ina historia, na mfano ulioandikwa vizuri zaidi unatoka huko huko Ekuador.

Wengi wetu tunawajua Waorani kwa ile video. Mimi ningependa uanze na Wakichwa wa Sarayaku, wa jimbo lile lile la Pastaza: watu kama 1,200 kando ya mto Bobonaza. Mwaka 1992 watu wa asili wa jimbo hilo waliandamana kwa miguu hadi Quito, na serikali ikawapa hatimiliki ya ardhi yao. Hatimiliki ile ilikuwa na kipengele kimoja kizito: kilicho chini ya ardhi ni mali ya serikali. Miaka minne baadaye serikali ikasaini mkataba na kampuni ya mafuta ya Argentina, CGC, ikaipa kitalu (eneo la kutafutia mafuta) namba 23, ambacho sehemu kubwa yake ilikuwa ardhi ya Sarayaku. Wenyewe hawakuulizwa.

Mwaka 2000 kampuni ikaja na ahadi: dola 60,000 za miradi ya maendeleo na ajira 500 kwa wanaume. Mkutano mkuu wa kijiji ukakaa, ukakataa. Kuanzia hapo mambo yanafanana na ya kwenu. Kwa mujibu wa ushahidi uliotolewa baadaye mahakamani, watu walipelekewa timu ya madaktari. Aliyetaka kutibiwa sharti atie sahihi kwenye orodha, na orodha ile ikaja kugeuzwa barua ya kuunga mkono kazi ya kampuni. Ninyi mlipewa soda, wao walipewa dawa.

Mwishoni mwa 2002 watafiti wa mafuta wakaingia msituni. Sarayaku wakaweka kambi mipakani mwa ardhi yao, wakaziita kambi za amani na uhai, wakahamia humo wakubwa kwa wadogo. Kwa miezi kadhaa kazi za kujipatia riziki zilisimama, masomo yakasimama, watu wakala kile ambacho msitu uliwapa. Hilo video hazionyeshi: kukataa kuna gharama, na gharama huanza kulipwa jikoni. Kufikia wakati huo mashimo 467 yalikuwa yameshajazwa takriban kilo 1,433 za baruti aina ya pentoliti, ya kupimia mitetemo ya ardhi. Mti ambao kwao una uzito wa kiroho, wanauita Lispungo, uliokuwa kwenye ardhi ya mganga mzee wa kijiji, nao ulikatwa. (Wewe unatoka jirani na kaya, sina haja ya kukueleza.) Februari 2003 kampuni ikasimamisha kazi kwa kudai kwamba hali imekuwa nje ya uwezo wake.

Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Mataifa ya Amerika. Aprili 2012 majaji walifunga safari hadi kijijini, jambo ambalo mahakama hiyo haikuwahi kulifanya kabla ya hapo, na wakiwa pale pale mwakilishi wa serikali akakiri kwamba serikali ina makosa. Hukumu ya tarehe 27 Juni 2012 ilisema mambo ambayo ningependa uyashike. Wajibu wa kushauriana na jamii ni wa serikali yenyewe, hauwezi kuachiwa kampuni inayotaka kuchimba. Unatakiwa utekelezwe kabla ya uamuzi, tena kwa kufuata njia za jamii yenyewe za kuamua mambo. Fidia na malipo ya madhara yalizidi dola milioni 1.3, na serikali iliamriwa pia kuondoa ile baruti.

Fedha zililipwa. Baruti iliyo nyingi ilibaki ardhini miaka na miaka baada ya hukumu.

Hapo ndipo lilipo jibu la hao wenzako wa kazini. Korti inajua kuzuia kuliko kurudisha. Jaji akiandika "msiingie", karatasi yenyewe ni zuio: kampuni haipati mkopo, bima inasita, wawekezaji wanakwenda kwingine. Jaji akiandika "rudisheni", anahitaji serikali ile ile iliyoshindwa itoe fedha, watu na magari kumtendea haki mtu ambaye ilishamfukuza. Wateja wengi wanaonijia kuhusu mambo haya huja tingatinga likiwa limeshawasha injini, na mimi nawaonea huruma, kwa sababu najua kuanzia hapo kila hatua ni ya kurudisha.

Sasa wapime Waorani kwa kipimo hicho. Kitalu namba 22, chenye msitu wao wa karibu hekta 180,000, kilikuwa bado kwenye orodha ya mnada. Hakuna aliyekinunua, hakuna kisima kilichochimbwa. Waorani walikuwa wameshakaa miaka wakitembea na wazee wao, wakichora ramani ya kila kijito, mahali pa dawa, njia ya wanyama na eneo la vita vya mababu, ili ile ramani ya serikali iliyoonyesha msitu mtupu ionekane ilivyo na kasoro. Mwanzoni mwa 2019 wanawake wazee waliimba kortini mpaka kikao kikaahirishwa, kwa sababu hapakuwa na mkalimani wa kuaminika wa lugha yao. Tarehe 26 Aprili 2019 majaji wa mahakama ya jimbo, mjini Puyo, walikubali kwamba ule ushauriano ambao serikali ilidai kuufanya mwaka 2012 haukuwa ushauriano. Maofisa walipita, sahihi zikakusanywa, watu hawakuelewa wanachokubali. Julai mwaka huo rufaa ya serikali ikatupwa. Nemonte Nenquimo, mmoja wa viongozi wao, alipata Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2020. Picha ya mikuki ni nzuri, lakini kwa maoni yangu imetufichia somo: kilichoshinda pale ni ramani, kumbukumbu za mikutano, na kuwahi.

Nenda kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, Lago Agrio, uone upande wa pili. Texaco ilianza kutafuta mafuta huko 1964, ikaondoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuacha nyuma mashimo ya taka za mafuta. Wakazi walishtaki New York mwaka 1993. Baada ya safari ndefu, mahakama ya juu ya Ekuador ilithibitisha mwaka 2013 kwamba Chevron, iliyoinunua Texaco, ilipe dola bilioni 9.5. Mwaka uliofuata jaji wa New York akasema hukumu ile ilipatikana kwa udanganyifu, na mwaka 2018 wasuluhishi wa The Hague nao wakaipa Chevron haki. Mabishano ya mawakili yanaweza kujaza kabati zima, lakini waathiriwa hawajalipwa kwa hukumu ile. Hata kura ya maoni ya Agosti 2023, ambapo karibu asilimia 59 ya Waekuador walisema mafuta ya kitalu namba 43 ndani ya hifadhi ya Yasuní yaachwe ardhini, ilikuta visima vinafanya kazi, na serikali ikaanza kuhesabu miaka mingine ya kuvifunga.

Turudi nyumbani. Waogiek wa Mau walipewa notisi ya siku 30 mwezi Oktoba 2009 waondoke msituni. Mahakama ya Afrika, Arusha, iliwapa haki tarehe 26 Mei 2017, ikasema wazi kwamba kuhifadhi msitu hakuwezi kuwa kisingizio cha kuwafukuza watu ambao si wao waliouharibu. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi 57,850,000 za hasara ya mali na milioni 100 za madhara mengine, na ardhi ya mababu ipimwe, iwekewe mipaka na wapewe hatimiliki. Novemba 2023 nyumba zikabomolewa tena upande wa Narok. Kwa hiyo wenzako hawakudanganya. Lakini tazama kilichoombwa: ardhi irudi mikononi mwa watu ambao serikali imekuwa ikiwaondoa tangu enzi ya mkoloni. Waendorois wa Ziwa Bogoria nao waliondolewa kuanzia 1973, wakapewa haki na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu mwaka 2010, na bado wanadai utekelezaji. Sisemi hukumu hizo ni bure. Bila ya Arusha, leo Mwogiek angekuwa anaitwa mvamizi tu kwenye kila barua ya serikali, na wakili wake angeanza kesi kutoka sifuri.

Kisha kuna mfano wa kwenu, ambao nashangaa vijana wa Kwale walioko Nairobi hawautaji. Mlima Mrima. Chini yake kuna niobi na madini adimu ambayo viwanda vya dunia vinayagombania, na juu yake kuna msitu ambao Wadigo mnauhesabu kaya. Machi 2013, siku chache baada ya uchaguzi, kampuni ya Cortec ilipata leseni maalum ya kuchimba. Agosti mwaka huo huo serikali ikaifuta. Kampuni ikaenda kushtaki kwenye usuluhishi wa kimataifa wa Benki ya Dunia, ikidai mabilioni ya dola. Oktoba 2018 ikashindwa. Sababu yake ndiyo yenye faida kwako: wasuluhishi walisema leseni yenyewe haikuwa halali tangu mwanzo, kwa sababu Mrima ni msitu wa hifadhi na mnara wa kitaifa (yaani mahali pa urithi panapolindwa na sheria), na masharti ya sheria, pamoja na kibali kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, hayakuwa yametimizwa. Ombi la kubatilisha uamuzi huo lilikataliwa 2021. Yaani sheria zetu za Kenya, zikisomwa na watu wasiojua hata Kwale iko upande gani, zilitosha.

Usishangilie sana, hata hivyo. Aliyefuta leseni ile ni serikali, na serikali inaweza kutoa nyingine, safari hii ikiwa imekamilisha masharti.

Uliuliza wana nini ambacho sisi hatuna. Ekuador iliridhia Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu haki za jamii za asili, mwaka 1998, na katiba yake ya 2008 inataja haki ya jamii za asili kushauriwa kabla. Kenya haijaridhia mkataba huo, na Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili mwaka 2007, mjumbe wetu hakupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Kwenye mafuta na madini tuko sawa nao: katiba yetu, kifungu cha 62, inayahesabu kuwa mali ya umma. Lakini kifungu cha 63 kinatambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Madini ya 2016 inasema leseni haitolewi juu ya ardhi ya jamii bila ridhaa. Sheria ya Ardhi ya Jamii, ya mwaka huo huo, inasema makubaliano na mwekezaji hayafai mpaka yapitishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, kwenye mkutano ulioitishwa kwa ajili ya jambo hilo, na theluthi mbili wakiwa wamehudhuria. Sasa hesabu waliokuwa kwa chifu siku ile ya soda.

Kuna shimo moja hapa, na watu wengi wanaanguka humo. Haya yote yana nguvu kamili kwa ardhi ya jamii iliyosajiliwa. Isiposajiliwa, inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yenu, na Sheria ya Madini inaipa Tume ya Taifa ya Ardhi mamlaka ya kutoa ridhaa. Kwa maneno mengine, mtu aliyeketi ofisini hapa Nairobi anaweza kusema ndiyo kwa ajili ya nyanya yako. Kama ardhi inayozunguka kaya yenu haijasajiliwa, hiyo ndiyo kazi ya kuanza nayo wiki hii, kabla hata ya kumtafuta mtu wa kunukuu hukumu za Amerika. Kaya yenyewe, kama imetangazwa mnara wa kitaifa au ni mojawapo ya zile zilizoingia Urithi wa Dunia mwaka 2008, ina kinga nyingine kupitia Makavazi ya Kitaifa. Pata namba ya tangazo la gazeti rasmi, uwe nayo kwenye simu.

Na usiweke mayai yote kwenye kikapu cha sheria moja. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahakikishia Waafrika ardhi ya hifadhi zao milele. Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana Kakamega, kando ya msitu wa mvua ambao sasa ndio tuliobakiwa nao. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa ili ardhi ya wachimbaji itengwe bila kuwauliza wenyeji kupitia baraza lao wala kuwapa ardhi nyingine badala yake. Milele ile ilidumu miaka miwili. Leo tuna katiba ambayo haibadilishwi kwa urahisi huo, lakini bunge bado lipo, na bei ya madini bado inapanda.

Wewe uliye Nairobi una faida moja ambayo mjomba wako hana: ofisi ziko karibu. Daftari la leseni za madini liko kwenye intaneti pamoja na ramani. Tafuta eneo lenu, uone kama kuna ombi, la nani na la aina gani. Uliza NEMA kama ripoti ya athari za mazingira imewasilishwa. Leseni ya mazingira ikitoka na mkaona haifai, rufaa hupelekwa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, hapa hapa jijini, ndani ya siku 60. Siku hizo zikipita umeshajifungia mlango. Jopo hilo ndilo lililofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu mwezi Juni 2019, na hoja kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Kuhusu ile karatasi, wazee waliosaini waandike barua fupi kwa chifu, kaunti, wizara ya madini na NEMA: tulisaini kuhudhuria, hatukutoa ridhaa, tunaomba nakala. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

Lakini barua isitungwe South B ikapelekwa Kwale kutiwa sahihi. Hiyo itakuwa karatasi nyingine ya kikao. Wao wakae, wazungumze kwa Kidigo, wanawake na vijana wakiwemo, mtu aandike nani alisema nini. Wewe na mimi ni watu wa kubeba faili.

Jambo gumu zaidi nimeliacha mwisho kwa sababu halina fomu. Huko kwenu kuna binamu zako wanaoutaka huo mgodi. Wameona titaniamu ikichimbwa Kwale tangu 2013 hadi mwisho wa 2024, wanajua nani alipata kazi na nani hakupata, na wamesikia kwamba sheria inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha (malipo ya mchimbaji kwa madini anayotoa), kaunti asilimia 20, serikali kuu asilimia 70. Kijana asiye na kazi akikwambia asilimia 10 ni bora kuliko sifuri, usimwite msaliti. Sarayaku waliumizwa zaidi hapo kuliko mahali pengine: majirani zao wa Canelos walikuwa wamekubaliana na kampuni, njia ya mto ikafungwa, na Desemba 2003 watu wa Sarayaku waliokuwa wakienda kwenye maandamano Puyo walipigwa njiani na majirani hao. Kwa hiyo safari yako ya kwanza nyumbani isiwe ya kuwatafuta wazee wanaokubaliana nawe. Nenda kwa hao binamu, uwaulize mwenye mradi amewaahidi kazi ngapi, za miaka mingapi, na kama kuna mahali pameandikwa.